Daktari wa Mjini Ukipangiwa Kijiji cha Ziwani Kusini mwa Kigoma: Uanzie Wapi

Ukipangiwa kituo cha afya kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma, upande wa Sigunga, Igalula, Buhingu mpaka Kalya, jifunze kwanza mwezi. Maisha ya mwaloni, ufukweni mitumbwi inapoegeshwa na samaki kupokelewa, yanafuata giza na mbalamwezi. Daktari anayeng'ang'ania ratiba ya mjini ataona benchi tupu wakati kijiji kina wagonjwa tele.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani kwa wiki moja hivi, na wanaume hubaki nyumbani wakishona nyavu. Wiki hiyo ndiyo ya kupanga kliniki ya dawa za VVU, ufuatiliaji wa kifua kikuu, vipimo vya presha na upimaji wa wenza wa wajawazito. Siku za giza mambo hugeuka: mitumbwi inaingia alfajiri, na akina mama wako ufukweni wakipokea dagaa na kuanika. Dagaa wakikosa jua wameoza na mtaji umekwenda, hivyo mama hatawaacha aje kukaa foleni. Kliniki ya wajawazito siku hizo ianze saa nane mchana. Kaa na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpange tarehe za mwezi mzima, kisha mzibandike mwaloni. Tangazo la mlangoni kwa kituo humfikia aliyekwisha fika.

Dozi nazo zifuate ziwa. Mvuvi mwenye malaria isiyo kali akija saa kumi na mbili jioni, huenda usiku huo anatoka. Mshauri apumzike, lakini panga dozi kama mtu atakayetoka. Dawa ya mseto kwa mwenye kilo 35 na zaidi ni vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3, jumla 24, na mara ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Hiyo ni saa nane usiku, katikati ya maji. Ameze vinne vya kwanza mbele yako akiwa ameshakula, mtegee kengele kwenye simu yake, na vidonge vingine aviweke kwenye kichupa chenye kifuniko. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta, na Kigoma ni nyumbani kwa mawese: maharage yaliyoungwa kwa mawese yanatosha kabisa. Anayemeza kwa chai ya rangi tupu anaweza kurudi na malaria ileile, na kijijini itasemwa kwamba dawa ya kituo haina nguvu.

Ukifika, usifungue hata begi kabla ya kujitambulisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na omba utambulishwe kwenye mkutano wa hadhara. Kiswahili kinatosha kufanyia kazi, ila bibi wa Kiha aliyeamkiwa "Mwakeye" asubuhi atakueleza ugonjwa wake bila kuficha. Maji ya ziwa yana kichocho cha tumbo: ya kuoga yachemshe, au yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili bila kuongezwa mapya. Sola ya friji ya chanjo isichaji simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Betri ikichoka usiku, joto linapita nyuzi 8 na chanjo zinaharibika. Tafuta paneli nyingine ndogo kwa ajili ya simu, utaepuka ugomvi.

Degedege inahitaji subira. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo humpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji. Ukimkaripia mganga, watamficha mtoto. Mtembelee nyumbani kwake, mkubaliane kwamba mwenye degedege aletwe kituoni kwanza, na mganga akitaka kumsindikiza aje. Akifika, pima sukari papo hapo. Ikiwa chini, mpe dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, mshipani polepole. Ukiwa na ya asilimia 50 tu, changanya sehemu 1 na maji ya sindano sehemu 4. Malaria kali ipate artesuneti ya sindano: miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa mzito zaidi, saa 0, 12 na 24. Wazazi wakiona mtoto anaamka baada ya sindano, habari itafika mwalo wa jirani kabla yako.

Rufaa kwa boti

Hapa ndipo uhai wa mama unapoamuliwa, na maandalizi yafanyike kabla hajapatikana mgonjwa. Elewana na manahodha wawili, maana mmoja atakuwa safarini siku unayomhitaji. Nauli iandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha kijiji, isibishaniwe usiku ufukweni. Kwa mama na mtoto mchanga piga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, lakini jua kwanza ni mwinuko upi wenye mtandao.

Petroli ikae tayari kwenye madumu, nje ya wodi na chini ya kufuli. Injini nyingi za mchanganyiko hutumia oili 1 kwa petroli 50, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Muulize nahodha kuhusu ya kwake. Oili ikipungua injini hukwama ziwani, ikizidi plagi huchafuka na kugoma kuwaka.

Mama mwenye kifafa cha mimba apate magnesiamu salfeti kabla ya kupanda: gramu 4 mshipani (mililita 8 za asilimia 50 na mililita 12 za maji) kwa dakika zisizopungua 5, kisha gramu 5 kila tako. Safari ikizidi saa 4, dozi inayofuata ya gramu 5 itaangukia ndani ya boti. Usiitoe kabla ya kuhakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa. Ndiyo maana mpira wa mkojo uwekwe nchi kavu. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, ikae mfukoni mwa muuguzi. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, iende kwenye kibebeo chenye barafu, na misoprostoli iwe akiba, kwa kuwa haihitaji baridi.

Mlaze kwa ubavu wa kushoto, katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi wa injini. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ndiyo inayopigwa na mawimbi. Kanula, kimrija cha mshipani, ifungwe bandeji juu ya plasta, kwani plasta ikilowa inabanduka. Kila mtu avae jaketi okozi, muuguzi awe na taa ya kichwani, na turubai liwe tayari.

Kiangazi, upepo wa kusi huchafua ziwa mchana, hivyo safari nyingi huanza usiku au alfajiri. Nahodha akisema ziwa halipitiki, usimlazimishe hata ndugu wakilia. Endelea na matibabu, mweleze daktari wa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa simu, na umuulize nahodha tena kila baada ya saa moja. Boti ikirudi, jaza madumu na mfuko wa dawa usiku uleule.