Punguzo la vyumba vya wageni wa harusi, Lamu

Ukiwa na wageni wa harusi wa kulaza Shela au Mkomani, usiombe punguzo mikono mitupu. Mwahidi mwenye nyumba picha na video za kutangazia nyumba yake: vidaka vya ukutani, ua, dari ya juu iliyoezekwa makuti inayotazama bahari. Picha za kina mama kwenye kupamba, sherehe ya wanawake pekee ya kumwonyesha bibi harusi, usiziahidi kabisa, hata akikushawishi. Aprili hadi Juni, mvua na upepo wa kusi vikishika, vyumba huwa vitupu, kwa hiyo kupunguza bei hakumuumizi, na picha humfaa msimu ujao. Andikianeni idadi ya picha na siku ya kuzikabidhi kabla ya kutoa arubuni. Desemba au wakati wa Maulidi usijisumbue, nyumba hujaa zenyewe. Na msimamizi asiyepanga bei atakuzungusha tu, mtafute mwenye nyumba mwenyewe.