Jinsi ya kuchagua nchi ya kuwekeza kwenye masoko yanayoibukia kama hela yako ni ya muda mrefu

Watu wengi wakitaka kuwekeza kwenye masoko yanayoibukia, yani masoko ya hisa ya nchi ambazo uchumi wake bado unapanda kama China, India na Brazil, kitu cha kwanza ni kuangalia uchumi wa nchi gani unakua kwa kasi, India asilimia ngapi, Vietnam asilimia ngapi, alafu hela inaelekea huko. Naomba uanze kwingine kabisa, kwasababu uchumi wa nchi kukua ni jambo moja na hisa ulizoshika wewe kukua ni jambo lingine.

Chukua China. Hamna nchi kubwa iliyokua kama China miaka ya 1990 na 2000, lakini aliyeshika indeksi ya MSCI China (kipimo cha bei za hisa za kampuni za China kwa pamoja, kinachotengenezwa na kampuni ya MSCI) toka mwisho wa 1992 aliambulia kidogo sana kwa miaka 30 ya mwanzo. Sababu moja kubwa ni kwamba kampuni zilikua zinatoa hisa mpya kila mara, kwahiyo faida inaongezeka sawa, ila inagawanywa kwa hisa nyingi zaidi na cha kwako kinabaki palepale. Sa ukitaka kupima nchi, fungua ripoti za mwaka za kampuni zake kubwa 5, angalia idadi ya hisa miaka 10 iliyopita na ya leo, alafu angalia faida kwa kila hisa. Ukikuta faida ya jumla imepanda mara 3 na faida kwa hisa imepanda kidogo tu, hapo ukuaji upo lakini haukufikii.

Cha pili ni sarafu, na hapa nakusihi upige hesabu mwenyewe usimuachie mtu. Angalia Uturuki: indeksi ya BIST 100, ya soko la hisa la Istanbul, mwisho wa 2012 ilikua kama 782 (ukishaondoa zile sifuri mbili walizozikata 2020), mwisho wa 2023 ikawa kama 7,470. Yani imepanda mara 9 na nusu, mtu akikuonyesha chati hiyo utatamani kuhamia huko! Lakini dola moja ilikua lira 1.78 na ikafika kama 29.5. Gawanya mwenyewe: dola zako 100 zimebaki kama 58, bila kuhesabu gawio. Kwahiyo kila chati ya nchi unayoilinganisha ibadilishe kwanza iwe kwenye sarafu moja, ile unayotumia wewe au dola, ndo uzilinganishe. Alafu uliza kwanini sarafu inashuka. Nchi yenye mfumuko wa bei usioshikika, inayoagiza zaidi ya inavyouza nje, yenye deni kubwa la dola na akiba ndogo ya fedha za kigeni, hiyo sarafu itashuka tu, hata ikishikiliwa kwa nguvu. Misri Machi 2024 dola ilitoka pauni kama 31 ikaenda karibu 50 kwa siku moja.

La tatu ni kutoka. Kuingia mara nyingi ni rahisi, swali ni siku unataka hela yako utaipata? Urusi 2022 wawekezaji wa nje walizuiwa kuuza na MSCI ikaitoa nchi nzima kwenye indeksi kwa bei ya karibu sifuri. Malaysia 1998 walifunga mlango kwa muda, hela za wageni zisitoke. Argentina MSCI iliipandisha 2019 kuwa soko linaloibukia, ikaishusha 2021 kwasababu ya vizuizi vya kutoa fedha. Kwa mtu anayeweka hela kwa miaka 20 hili ndo naliweka juu kuliko yote, nchi iliyowahi kufunga mlango mara mbili tatu siiwekei hela ya uzeeni hata hisa zake ziwe za bei ya kutupwa.

Soko lenyewe limebeba nini nalo liangalie. Taiwan kwa sehemu kubwa sana ni TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, Brazil ina Petrobras na Vale kwahiyo umenunua mafuta na chuma, na Petrobras serikali ndo ina sauti. Ukinunua mfuko wa indeksi (unaokununulia hisa zote za indeksi kwa mkupuo) wa masoko yote yanayoibukia ujue China, Taiwan, India na Korea Kusini ndo wamejaa humo, nchi nyingine ni vipande vidogo, usidhani umetawanya hela kwa usawa.

Bei? Gawanya bei ya hisa kwa faida ya kila hisa, alafu linganisha jibu na la nchi hiyohiyo miaka ya nyuma, nchi nzuri ukiinunua ghali sana inaweza kukukalisha miaka mingi.

Ukishapata nchi mbili tatu zilizopita hapo, ingiza hela kidogokidogo kila mwezi kwa mwaka mzima au zaidi, na kabla ya kununua andika kwenye daftari sababu zitakazokufanya uuze, mfano sheria mpya ya kuzuia fedha kutoka au kampuni kuanza kumwaga hisa mpya. Bei kushuka peke yake usiiandike humo.