Kabla Hujaanza Kumuuguza Mgonjwa wa Mafua Nyumbani, Kagua Vyombo Vyenye Majimaji

Mafua makali yanapoingia nyumbani, wengi hukumbuka kufungua madirisha na kuziba pua, na hapo hawakosei, kwa sababu virusi vya njia ya hewa huenea zaidi kwa pumzi, chafya na kikohozi. Lakini kabla hujamtandikia mgonjwa kitanda, pita nyumba nzima ukague vyombo vyenye majimaji: mtungi, beseni la kusuuzia vikombe, kopo la makohozi, na ile chupa ya jiki iliyochanganywa juzi na bado imesimama dirishani.

Fahamu kwanza kwamba virusi havizaliani ndani ya maji, tofauti na bakteria wanaochachusha uji uliolala. Vinahitaji seli hai, na nje ya mwili vinasubiri tu. Urefu wa kusubiri huko hutegemea zaidi joto la kimiminika na kilichomo ndani yake. Watafiti wa China walivipima virusi vya SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, baada ya mlipuko wa mwaka 2003, wakakuta kwamba katika maji ya bomba yaliyoondolewa klorini vilidumu siku 2 kwenye nyuzi joto 20, ila kwenye nyuzi joto 4 vilifika siku 14. Kwa hiyo usiyaone maji ya friji kuwa salama kwa sababu ni ya baridi. Baridi ndiyo inayovitunza.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yafunikwe, na mgonjwa awe na kikombe chake. Kata ya mtungini isiguse mdomo wa mtu yeyote, awe mgonjwa au mzima. Kwa maji ya kutiwa klorini, Shirika la Afya Duniani linataka klorini ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, kwa hiyo usiyateke mara tu baada ya kutia dawa.

Maziwa mabichi yasinywewe. Mwaka 2024 virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilipatikana katika maziwa ya ng'ombe nchini Marekani. Mchemsho wa kawaida wa chai ya maziwa unatosha kuviua.

Friji ya kugandishia nayo ikaguliwe. Mtoto mwenye mafua aking'ata kipakiti cha barafu ya ubuyu, akanyonya nusu na kukirudisha ili amalizie kesho, amekihifadhi alichokitemea humo kwa namna ileile maabara zinavyohifadhi virusi, yaani kwa kuvigandisha. Kipakiti kilichofunguliwa kiliwe chote au kitupwe.

Sasa kopo la makohozi, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Kipupwe kimoja tulimuuguza baba mkwe wangu, mzee aliyekuwa na kikohozi kizito na asiyetaka kutemea karatasi. Tukampa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na kila asubuhi mimi mwenyewe nilitia humo kizibo kimoja cha jiki, nikaridhika kwa kuwa harufu yake ilikuwa kali. Sikujua kwamba ute una protini nyingi zinazoila klorini ya jiki kabla haijavifikia virusi, na kwamba kizibo kimoja juu ya makohozi ya usiku mzima ni sawa na kutotia kitu. Siku ya nne nilikuwa na shughuli jikoni, nikamtuma mpwa wangu wa miaka 9 akalimwage. Kifuniko kilinasa, akakivuta kwa nguvu, na makohozi yakamrukia mikononi na shavuni. Mtoto alifanya kile alichofundishwa shuleni: alichukua kitakasa mikono, akajipaka mikono yote pamoja na ule ute uliokuwa bado mbichi, akajifuta na suruali na kwenda kucheza. Baada ya siku mbili alikuwa na homa kali.

Siwezi kuapa kwamba ni kopo lililomwambukiza, kwani alikuwa akilala chumba kimoja na babu yake na dirisha lilifungwa kwa sababu ya baridi. Hata hivyo, baadaye nilijifunza jambo lililoninyima usingizi. Utafiti wa wanasayansi wa Japani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba virusi vya mafua vilivyomo kwenye ute mbichi vinaweza kustahimili kitakasa cha spiriti kwa takriban dakika 4, ilhali ute ukishakauka vinakufa ndani ya nusu dakika. Spiriti hupenya ute mzito polepole mno, lakini kunawa kwa maji yanayotiririka kunauondoa. Mkono wenye kamasi au makohozi unawe kwa maji na sabuni. Kitakasa ni cha mkono usio na uchafu unaoonekana.

Kwa hiyo, mgonjwa akikubali, atemee karatasi laini, nayo ifungwe kwenye mfuko na kuchomwa. Akitaka kopo, liwe na kifuniko kinachofunguka kwa urahisi, na jiki isikae chini ya pua yake, kwa maana mvuke wake unachokoza kifua kinachouma. Mtu mzima alipeleke kopo nje, amimine jiki iliyochanganywa na maji, inayozidi makohozi mara kadhaa, aiache nusu saa, ndipo amwage chooni. Kama jiki yako ina nguvu ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji hukupa asilimia 0.5. Ichanganywe kila siku na ikae mbali na jua, kwa sababu mchanganyiko wa juzi umeshapungua nguvu.

Vikombe vioshwe kwa maji moto na sabuni, inayoyeyusha utando wa mafuta wa virusi vya mafua na vya UVIKO-19, si kuchovywa tu katika beseni moja la maji baridi kama ilivyo desturi yetu misibani.

Mnaoishi ghorofani, mwageni maji mara kwa mara kwenye tundu la sakafuni la bafu lisilotumika. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa SARS, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mabomba ya sakafuni yaliyokauka maji yanayozuia hewa ya maji taka isipande vyumbani.

Usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, hata kidogo. Usimtume mtoto kumwaga chochote kilichotoka kwa mgonjwa. Dirisha lifunguliwe hata kama mzee analalamika baridi, muongezee blanketi. Na akianza kuhema kwa shida, au midomo ikigeuka rangi, acha mambo ya beseni na kopo, mpeleke hospitali.