Jinsi ya kumwalika balozi azungumze kwenye klabu yenu, Dar es Salaam

Klabu za huduma kwa jamii, kama Rotary na Lions, hapa mjini hupenda kumwita balozi aje azungumzie nchi yake. Kumpata si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, kwani kukuza urafiki kati ya nchi ni jukumu lake chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Kazi iko kwenye barua.

Andikeni wiki sita kabla, kwenye karatasi yenye nembo ya klabu, kwa Mheshimiwa Balozi, ikiwa na saini ya rais wa klabu. Rotary hubadilisha uongozi tarehe 1 Julai, kwa hiyo mwaliko wa Agosti asaini rais anayeingia. Toeni tarehe mbili, mkikwepa sikukuu zetu na siku ya taifa lake: Mfaransa hampati tarehe 14 Julai, wala Mjerumani tarehe 3 Oktoba. Tajeni ukumbi, idadi ya watu, muda wa kuzungumza (dakika 20 zinatosha), kama kutakuwa na maswali, na kama waandishi wa habari watakuwepo. Hilo la waandishi msilifiche, maana hubadilisha hotuba nzima.

Sasa mada. Mkiandika tu "tunaomba utueleze kuhusu nchi yako", mtasomewa kijitabu cha utalii: idadi ya watu, milima, jibini. Ulizeni swali lenye mguu mmoja hapa kwetu. Kwa balozi wa Uholanzi, kwa mfano: "Kila mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji. Karibu robo ya nchi yenu iko chini ya usawa wa bahari, na mafuriko ya 1953 yaliua watu zaidi ya 1,800. Baada ya hapo mlijenga nini, na nani alilipa?" Barua kama hiyo haikai mezani. Siasa zetu za ndani msimuulize. Mkataba uleule unamkataza kuziingilia.

Tumeni kwa barua pepe, kisha pelekeni nakala getini mkasainiwe kwenye daftari. Baada ya wiki pigeni simu, mwombeni katibu wa balozi au afisa itifaki. Akikubali, ombeni wasifu mfupi na matamshi sahihi ya jina lake. Walinzi wake wanaweza kutaka kuukagua ukumbi mapema; wapeni mtu mmoja wa kuwasiliana naye, asiwe kamati nzima. Bendera mbili ziwe na ukubwa na kimo sawa.

Waziri msimwalike siku hiyohiyo, labda kama mnataka jioni nzima iishie kwenye itifaki na salamu.

Mwenyeji amsubiri balozi mlangoni, si mezani. Atambulishwe kwa dakika mbili, kisha aachiwe kipaza sauti. Barua ya shukrani iende wiki hiyohiyo, na katibu aliyepokea simu zenu atajwe humo.