Kumbeba mtoto njiti kifuani: mwongozo kwa wazazi wa Arusha na Moshi

Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito, ambaye tumezoea kumwita mtoto njiti, huzaliwa akiwa na ngozi nyembamba na mafuta machache sana chini yake, hivyo hupoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa, mwili wake hutumia sukari na oksijeni kujipasha joto badala ya kukua, kupumua kwake huwa kwa shida, na hamu ya kunyonya hupungua. Kinga iliyo karibu naye kuliko zote ni kifua cha mzazi wake. Mtoto akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu, huwekwa wima juu ya ngozi ya kifua cha mama au baba, hufungwa hapo kwa kanga, na hubaki hapo kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo huduma ya kangaruu. Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ambako baridi ya Juni na Julai huingia hadi ndani ya nyumba, kila familia yenye mtoto njiti inapaswa kuijua vizuri.

Huduma hii ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokabiliwa na wodi iliyokuwa na mashine chache za joto, watoto wakilazwa pamoja katika mashine moja na kuambukizana magonjwa. Kwa sababu ya asili hiyo, wazazi wengi bado wanadhani kwamba kifua ni mbadala wa wale waliokosa mashine. Dhana hiyo si sahihi, na ningependa iondoke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliwahusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba huduma hii ianze mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kuzaliwa na iendelee kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi, kwa mfano anayepumua kwa msaada wa mashine, ambaye madaktari watasema lini aanze. Ni tiba, na kipimo chake ni saa.

Maandalizi si makubwa. Oga au safisha kifua kwa maji, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kata kucha, vua saa, pete na cheni, na usijipake manukato wala mafuta yenye harufu kali. Vaa gauni au shati linalofunguka mbele, bila sidiria. Andaa kanga mbili za pamba zilizokwisha kufuliwa, kwa maana kanga mpya ina wanga unaoifanya kuwa ngumu na yenye kuteleza. Kula, kunywa maji na uende msalani kabla ya kuanza, kwa sababu kumtoa na kumrudisha mtoto mara kwa mara humchosha na kumpotezea joto. Kila anapowekwa, akae angalau saa moja bila kuondolewa.

Namna ya kumweka ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, na mara ya kwanza mwombe muuguzi awe pembeni yako. Keti ukiegemea nyuma. Mshike mtoto kwa mkono mmoja ulioenea nyuma ya shingo na mgongo, vidole vikitegemeza taya ya chini ili kichwa kisidondoke, na mkono mwingine uwe chini ya makalio. Mlaze wima katikati ya matiti, kifua chake kikigusana na kifua chako. Kichwa chake kigeukie upande mmoja na kiinuliwe kidogo sana kwa nyuma, kwa sababu kidevu kikiinama hadi kifuani njia ya hewa hujifunga, na shingo ikipinda mno kwenda nyuma hujifunga vilevile. Miguu ikunjwe na kupanuliwa kama ya chura, mikono nayo ikunjwe pembeni mwa kifua. Kisha zungushia kanga na kuifunga: sehemu inayobana iwe juu ya kifua chake, ukingo wa juu ufike chini kidogo ya sikio lake, na sehemu ya chini ipite chini ya makalio. Tumbo lisibanwe, kwa kuwa mtoto njiti hupumua zaidi kwa tumbo. Simama polepole mkono ukiwa tayari kumdaka. Ikiwa hatelezi, umefunga vizuri. Uso na pua vionekane wakati wote, na usimfunike kichwa kwa shuka hata kama chumba kina baridi. Ongeza kanga ya pili au sweta juu ya migongo yenu.

Akiwa hapo, wewe unaweza kuketi, kutembea taratibu na kulala. Usiku lala nusu umeketi, mgongo ukiinuliwa kwa mito, wala usilale chali kabisa au kifudifudi. Mtoto anayelishwa kwa mpira wa puani au anayepewa oksijeni kwa kawaida anaweza pia kuwekwa kifuani. Muuguzi ndiye atakayepanga mipira isivutwe. Kuna watoto wadogo sana ambao husahau kupumua. Ukiona amenyamaza bila kuvuta hewa kwa sekunde 20, au midomo inageuka bluu, msugue mgongo au nyayo mara moja na uite msaada.

Kukaa kifuani huongeza pia maziwa, kwa sababu mguso wa ngozi huchochea oksitosini, homoni inayoyafanya yatoke. Mlishe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, hata kama amelala. Kwa kawaida uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa kuanzia wiki ya 32 hadi ya 34 ya umri wa mimba, yaani wiki za ujauzito zikijumlishwa na zile alizoishi tangu azaliwe. Kabla ya hapo kamua maziwa apewe kwa mpira, na baadaye kwa kikombe kidogo kisafi. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, yasimwagwe hata tone.

Sasa tuseme kweli: hakuna mama atakayefikisha saa hizo akiwa peke yake. Katika nyumba nyingi za Moshi mzazi hupikiwa mtori na kuletewa uji, nayo ni desturi njema ambayo inapaswa kupanuliwa, ili kuosha vyombo, kuchota maji na kupokea wageni viwe kazi za watu wengine kabisa kwa wiki hizi. Bibi mwenye afya njema anaweza kumpokea mtoto kifuani. Baba pia anaweza, na ngozi yake ina joto lile lile. Nywele za kifua hazimdhuru mtoto. Baba ambaye mtoto wake bado yuko wodini amwombe muuguzi muda na pazia, kwa sababu baadhi ya wodi huwazuia wanaume kwa kuwasitiri akina mama wengine, lakini mara nyingi utaratibu hupatikana ukiombwa kwa heshima. Wakizaliwa mapacha, mama anaweza kuwafunga wote wawili kwa pamoja, au mmoja akabaki na baba.

Nyumbani, jambo ninaloliogopa kuliko yote ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku ili kupasha hewa joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo inaweza kuwaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Jiko libaki nje. Funga madirisha yanayoleta upepo, na uache kifua kimtunze. Usiharakishe kumwogesha, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, sehemu baada ya sehemu, kisha umkaushe na kumrudisha. Wageni wenye mafua wasamehewe kwa sasa.

Pima joto kwapani kwa kipimajoto; lililo salama ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi ikiwa joto liko chini na halipandi ingawa yuko kifuani, au limezidi. Nenda pia ikiwa anakataa kunyonya, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinabonyea ndani, anakoroma kila anapotoa pumzi, ana degedege, amelegea, au manjano yamefika viganjani na nyayoni. Mawenzi na KCMC kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi: safiri naye akiwa amefungwa kifuani, mkiwa ndani ya gari na si kwenye bodaboda.

Mpeleke kliniki kila wiki apimwe uzito. Ongezeko linalotarajiwa ni takriban gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, baada ya kupungua kwa siku za mwanzo. Huduma huendelea hadi afike karibu kilo 2.5 au wiki 40 za umri wa mimba, na mara nyingi mtoto mwenyewe hutangulia kutoa taarifa: hutokwa na jasho, hutoa mikono nje ya kanga, hulia kila anapofungwa. Hapo mpunguzie saa za mchana kwanza, ukimrudisha kifuani baada ya kuoga na katika usiku wa baridi, wala usimbebe mgongoni kabla shingo yake haijakaza.