Ukihamia Kampala, chagua barabara kabla ya nyumba

Watu wakitoka Arua, Goma au Mombasa kuja Kampala swali la kwanza ni "nyumba ni bei gani", na mimi nilikuwa hivo hivo. Nikapata nyumba safi Kyengera, vyumba viwili, bei nzuri, nikalipa miezi mitatu mbele siku hiyo hiyo, na kazi yangu iko Nakawa, upande wa pili wa mji. Yaani kila asubuhi taksi (huku ndio matatu au daladala) hadi mjini, nashuka kituo cha Old Park, natafuta nyingine ya kwenda Nakawa, jioni narudi vile vile na jamu la magari la Busega linanisubiri. Ile hela niliyookoa kwa kodi yote iliishia kwa makondakta.

Kwa hivo anza na barabara. Kampala ni kama gurudumu, barabara kubwa zinaingia mjini kila upande: Jinja Road, Entebbe Road, Masaka Road, Hoima Road, Bombo Road, Gayaza Road, Ggaba Road. Kazi ikiwa Nakawa au Industrial Area tafuta upande ule ule, Banda, Kireka, Kyaliwajjala, hata Bweyogerere. Kama kazi iko Kabalagala angalia Kansanga, Bunga au Ggaba. Kitu usifanye ni kuishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, labda kama una gari na moyo wa chuma. Na ukitaka kujua jamu usiulize mtu, wee panda taksi kutoka pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya Jumatatu uhesabu dakika mwenyewe, halafu jioni mvua ikinyesha usikilize nauli imepanda hadi wapi.

Baada ya barabara, maji. Mji huu ni vilima na mabonde, na mabondeni ndio nyumba rahisi ziko. Bwaise na Kalerwe kila mtu anajua mvua ikipiga panafurika, ila kuna mabonde madogo kila mahali, hata chini ya mitaa yenye majina makubwa. Dalali atakupeleka Januari au Julai jua likiwaka, unaona pakavu unafurahi. Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, halafu tena kuanzia Septemba, kwa hivo kama unaweza tafuta nyumba miezi hiyo. Kama huwezi, inama uangalie ukuta: rangi mpya imepakwa chini tu? Mlangoni wamejenga kizingiti cha saruji kinachofika karibu na goti? Hicho hakikujengwa kwa urembo ndugu yangu. Na nyumba ikiwa pembeni ya kinamasi ni shida nyingine, mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, walivunja nyumba za watu pale Lubigi na mpangaji huna wa kumlilia.

Madalali... wanataka hela ya kukuzungusha kabla hujaona kitu, halafu ukipata wanataka kodi ya mwezi mmoja juu. Mimi siku hizi natembea kwa miguu. Mtaa ukinipendeza nanunua rolex (chapati na mayai), nakaa kwa kiti cha muuzaji nauliza taratibu, wizi uko vipi, maji ya bomba yanatoka kila siku au watu wanabeba jerikani, kuna kanisa la mkesha karibu. Halafu vijana wa stage ya boda, hao wanajua mpaka nyumba gani imeachwa wiki jana na kwa nini imeachwa. Rudi usiku pia, saa tatu hivi, uone kama kuna taa na watu njiani au unatembea peke yako na mbwa.

Jambo la lugha sasa. Ukifungua mdomo na Kiswahili wengine watadhani wewe ni mwanajeshi, maana jeshi hapa linatumia Kiswahili, wengine watasema Mkongo, na bei inaweza kupanda hapo hapo. Jifunze salamu za Kiganda, ssebo (bwana) na nnyabo (bibi) zinasaidia sana, au nenda na rafiki anayekijua akuongelee. Ukitaka kusikia Kiswahili kila siku angalia Katwe na Nsambya, Wakongo ni wengi huko.

Ndani ya nyumba sitasema mengi: hakikisha Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako, mkigawana na jirani mwenye pasi na friji mtagombana. Mwandikiane mkataba. Sheria ya wapangaji ya 2022 inasema kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hela ni shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, maana kule Kololo na Bugolobi wanapenda kutaja dola.

Halafu kabla ya kulipa nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, sio baada. Utamhitaji baadaye kwa barua ya utambulisho, ila siku ya kwanza muulize tu ile nyumba kweli ni ya nani, maana kuna watu wanapokea kodi ya nyumba ya shangazi yao aliye Uingereza na shangazi hajui.