Likizo ya visiwani kutoka Kigoma: panga kuanzia majini, si hotelini

Familia nyingi za Kigoma zinazokusudia kwenda Unguja au Mafia huanza kwa kutafuta hoteli, kisha tiketi, na suala la kuingia baharini huachwa hadi siku ya kufika, ambapo papasi, yaani dalali wa watalii, wa kwanza kujitokeza ufukweni ndiye huamua kila kitu. Katika likizo za shule za Juni na Desemba, wakati ambao wageni wa nje nao hufurika visiwani, utaratibu huo huwafikisha watoto kwenye boti iliyojaa watu, saa ambayo maji yamekupwa au mkondo una nguvu, nao hurudi wamekunywa maji ya chumvi bila kuona samaki. Ikiwa shabaha ya safari ni snokeli, yaani kuelea kifudifudi ukitazama chini kwa miwani huku ukivuta hewa kwa bomba, mpango uanze na siku ya maji, ufuate upande wa kisiwa, kisha chombo, kisha malazi, na tiketi ije mwisho.

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hana mazoea ya kujiuliza maji yatakuwa wapi saa nane mchana, kwa sababu ufukwe aliouacha asubuhi ataukuta palepale jioni. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita 4, na katika pwani ya mashariki, kama vile Jambiani, Paje na Matemwe, bahari hurudi mbali kiasi kwamba mtu hutembea kitambo kirefu kabla ya kulowa magoti. Wakati wa maji mafu, siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa nusu, tofauti hiyo hupungua na mikondo hulegea, na hizo ndizo siku za watoto. Kuna faida nyingine ambayo wageni wengi hawaijui: katika pwani yetu bamvua hukupwa yapata saa nne asubuhi, ilhali maji mafu hujaa yapata saa hiyohiyo, kwa hiyo anayefika wakati wa maji mafu hupata maji ya kutosha juu ya matumbawe asubuhi, kabla upepo haujachangamka.

Mkazi wa Kigoma anaweza kuzihesabu siku hizo bila shida, kwani wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hupumzika mbalamwezi inapong'aa, wakati ambao taa zao hazivuti samaki, na maji mafu hufika baharini siku saba hadi tisa baada ya mwezi mpevu. Desemba ya mwaka 2026 mwezi utakuwa mpevu tarehe 24, maana yake Krismasi itaangukia ndani ya bamvua, na siku nzuri zaidi kwa watoto zitakuwa karibu na tarehe 18 na tena karibu na tarehe 31. Mzazi mwenye uhuru wa kuchagua achukue ile ya kwanza, ambayo pia hutangulia msongamano wa sikukuu. Saa kamili zithibitishwe kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, ambalo hupatikana bure kwenye intaneti.

Baada ya siku, tazama upepo. Juni na Julai ni miezi ya kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ambao huchafua bahari upande wa kusini na mashariki wa Unguja, hivyo familia ikae Nungwi au Kendwa, au itumie visiwa vidogo vilivyo mbele ya Mji Mkongwe. Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huwa imeanza, na upande wa kaskazini mashariki unaweza kuwa na mawimbi mchana, ilhali Ghuba ya Menai na Fumba hubaki na utulivu zaidi. Machi hadi Mei ni masika, na bei nafuu za miezi hiyo zina sababu yake.

Mahali penye jina kubwa kuliko pote ni Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja, na jina hilo ni la haki kwa sababu matumbawe na samaki wapo wa kutosha. Hata hivyo, katika msimu wa wageni wengi boti hurundikana pale kuanzia katikati ya asubuhi, na maji yanayozunguka kisiwa hicho ni ya bahari ya wazi. Kwa maoni yangu, mtoto ambaye hajawahi kuogelea baharini asipelekwe Mnemba kwanza, na anayepelekwa aondoke Matemwe au Muyuni alfajiri. Changuu, mwendo mfupi kwa boti kutoka Mji Mkongwe, haina matumbawe ya kusifiwa sana, lakini ina kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, kwa hiyo mdogo anayekataa maji hapati siku ya kununa. Kisiwa cha Chumbe ni kinyume chake: mwamba wake umefungiwa uvuvi tangu miaka ya 1990, wageni huingia majini na mwongozaji, na idadi yao kwa siku ni ndogo, jambo linalofanya nafasi za Desemba ziishe mapema na bei iwe juu. Ziara za kuwafukuza pomboo kwa boti huko Kizimkazi ningeziacha kabisa, maana si raha kwa pomboo wala kwa mtoto anayerushwa katikati ya boti zinazoshindana.

Familia yenye watoto waliokwishazoea maji ifikirie Mafia kabla ya Unguja. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza nchini, na Ghuba ya Chole ndani yake ina matumbawe ambayo huyagombei na umati. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi papa potwe huonekana karibu na Kilindoni. Samaki huyu hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, hivyo ukubwa wake usimtie mtoto hofu, ila haruhusiwi kuguswa wala kuzibiwa njia.

Chombo kipatikane kabla ya malazi, na kwa maswali mahususi. Uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, kama ada ya hifadhi na vifaa vimo ndani yake, na kama kuna bei ya Mtanzania, kwa sababu ada za hifadhi kwa raia huwa chini ya zile za mgeni na hakuna atakayekukumbusha usipouliza. Omba picha za jaketi okozi za watoto, si maelezo tu, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoingia majini. Uliza pia kama boti ina ngazi ya kupandia na turubai la kivuli, na kama mwongozaji huingia majini akiwa na boya au hubaki botini akivuta usingizi. Malipo ya awali yapelekwe kwenye namba yenye jina la biashara, kamwe si kwa mtu binafsi aliyekutumia ujumbe. Malazi yachaguliwe baadaye, karibu na mahali boti inapoondokea, ili watoto wasisafirishwe saa nzima barabarani kabla ya jua kupanda.

Mafunzo hayahitaji kusubiri bahari, na hapa wakazi wa Kigoma wana bahati ambayo wa Dodoma hawana. Ufukwe wa Jakobsen, mbele kidogo ya Katonga, una maji maangavu na samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, ambao wengi wao hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hili. Waulize wenyeji kwanza kuhusu mamba, epuka sehemu zenye matete kwa ajili ya kichocho, na usimruhusu mtoto kwenda mbali, kwani kina cha ziwa huongezeka ghafla. Anza na miwani. Iweke usoni pa mtoto bila kupitisha mkanda kichwani, mwambie avute hewa kwa pua, kisha achia mikono: ikishika yenyewe inamfaa, ikidondoka tafuta nyingine, kwa maana kukaza mkanda hakuzuii maji kuingia. Nywele zisibaki chini ya mpira. Miwani mipya husuguliwa kwa dawa ya meno na kusuuzwa, la sivyo itafunga ukungu hata ufanyeje. Bomba liwe la kipimo cha mtoto, fupi na jembamba, na barakoa zinazofunika uso mzima siwashauri watoto kuzitumia, kwa sababu hewa iliyokwisha kutumika inaweza kubaki ndani yake. Mtoto ajifunze kusimama kina cha kiuno, ainamishe uso, apumue taratibu kwa mdomo, na bomba likiingia maji apulize mara moja kwa nguvu kama anayewasha mkaa. Akiweza hayo ziwani, baharini atashangaa jinsi maji ya chumvi yanavyomwinua, ila atahitaji kuonywa kuhusu kuwashwa macho.

Kuhusu usafiri ni machache. Tiketi za treni ya Kigoma hadi Dar es Salaam, hasa za behewa la kulala, ziwahiwe mara mauzo yanapofunguliwa, na anayepanda ndege anunue tiketi ya kurudi wakati uleule. Boti ya Unguja usiiwekee siku ileile treni inapotarajiwa kufika. Laleni Dar es Salaam usiku mmoja. Chukueni vitambulisho vya wakubwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na anayepatwa na kichefuchefu apewe dawa kabla ya boti kuondoka, si baada ya kuanza kutapika.

Mavazi ya kuingilia majini yawe fulana za mikono mirefu, kwa kuwa jua huunguza mgongo wa anayeelea bila yeye kuhisi, na fulana, tofauti na krimu ya kujikinga na jua, haiachi mafuta kwenye matumbawe. Watoto waelezwe nchi kavu, kabla ya msisimko, kwamba hawasimami juu ya matumbawe wala hawainui kiti cha pweza, yaani samaki nyota, ili wapigwe picha. Viatu vya mpira vivaliwe wakati wa kuvuka maji mafupi, kwenye viumbe weusi wenye miiba inayokatikia mguuni. Mwisho, acha siku moja tupu baada ya siku ya boti, ndani ya maji mafu hayohayo, na mweleze nahodha tangu mwanzo kwamba ipo, ili akiona bahari imechafuka awe huru kusema leo hatutoki.